Kahawa ya Posa ya Skola

Kitendawili! Ninaye mzee mweusi, hasemi neno, lakini akiingia kinywani, waliokaa kimya wote huanza kusema. Nani huyo? Msinipe mji, mji ninao. Ni kahawa. Na binti aliyekuwa akikitega kitendawili hicho kila asubuhi pale mjini Singida aliitwa Scholastika, ila jina refu namna hiyo nani analiweza akiwa na haraka ya basi? Walimwita Skola.

Skola alikuwa barista. Neno hilo lilimchukua mama yake, Kristina wa Unyambwa, siku nyingi kulizoea mdomoni. Alisema "barisita," na majirani wakimwuliza ni kazi gani hiyo, aliwajibu, "Anapika kahawa kwa mashine kubwa kama injini ya trekta, lakini hii inang'aa." Akishasema hivyo hujishika kiuno kidogo, maana majirani wengi hawakuwa na mtoto anayeendesha kitu kinachong'aa.

Duka lilikuwa la Janeth, mama mpole wa sauti lakini mkali wa usafi, kando ya barabara kuu pale mabasi yanapopunguza mwendo. Skola alianza pale kwa kuosha vikombe. Akaosha, jicho moja liko kwenye maji na jingine liko kwenye mashine, mpaka Janeth akamwambia, "Wewe binti, shingo itakupinda. Njoo usimame huku." Akampeleka Moshi akafundishwe, akarudi. Mara ya kwanza alipojaribu kuchora jani juu ya povu la maziwa, lilitoka sikio la punda. Dereva wa lori la vitunguu akakigeuza kikombe huku na huku, akasema, "Huyu punda ni wa kwetu kabisa, amenuna." Watu wakacheka. Skola naye akacheka, kesho yake akachora punda mwingine, na keshokutwa mwingine, mpaka siku ile jani likatoka jani, lenye mishipa yake.

Mngemwona asubuhi mngependa. Upepo wa Singida mnaujua, haubishi hodi. Yeye anafuta vumbi kwenye kaunta, anasaga punje kidogo, anapika kikombe chake kidogo cha kwanza, anaonja akiwa kule nyuma ya mashine, anakunja uso, anamwaga. Anasogeza kinu kidogo kisage laini zaidi, anapika tena, anaonja. Siku akitabasamu, basi duka limefunguliwa. Mashine ilikuwa na sauti zake naye alizijua zote, kama mama anavyojua kilio cha njaa na kilio cha deko. Karani wa benki alitaka chungu isiyo na kitu. Mama mmoja wa kwaya alitaka maziwa mengi mpaka kahawa yenyewe ione haya. Wanaosubiri walitegewa vitendawili, na aliyeshindwa alitakiwa kutoa mji kama desturi.

Sheria ya Janeth pale dukani ilikuwa moja juu ya zote: kikombe cha mteja ni cha mteja. Mdomo wako usikikaribie, hata kukipuliza marufuku. Skola aliishika sheria hiyo kama amri za kanisani.

Noel alikuja pale kurekebisha waya wa friji, maana alikuwa fundi umeme. Akanywa kikombe kimoja. Siku ya pili akaja kuukagua waya ule, nao haukuwa na shida yoyote. Siku ya tatu akaja bila hata bisibisi.

Skola akamtegea kile cha mzee mweusi. Noel akakodoa macho kwenye kikombe chake, akakuna kichwa.

"Nimeshindwa. Nakupa mji."

"Mji gani?"

"Kinampanda."

"Kinampanda nikafanye nini, fundi?"

"Ukakae," Noel akasema, na masikio yakamwiva. Ndivyo walivyoanza, nawaambieni, na Janeth aliyekuwa akifuta meza hapo jirani alifuta meza ile ile mpaka rangi ikataka kutoka.

Sasa Noel alilelewa na Shangazi Dina, dada wa baba yake, huko Kinampanda. Wazazi walitangulia akiwa hajaanza shule. Shangazi ndiye aliyemlisha, akamvisha, akamsomesha hadi ufundi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye macho yanayomwona mtu mpaka mgongoni. Noel akamweleza habari za Skola, naye akamtuma mshenga Unyambwa, Mzee Bonaventura, mtu wa maneno mengi na meno machache.

Mshenga akaja, akapokewa, akala, akasema wenzake wa Kinampanda wamependa, wataleta posa rasmi. Kisha akakohoa.

"Kuna jambo dogo," akasema. "Shangazi mtu amesema, binti akishaolewa aache hiyo kazi ya kahawa. Mke wa ukoo wao hasimami kijiweni kuwamiminia wanaume."

Huko kwao kahawa waliyoijua ilikuwa ya mwanaume mwenye birika lenye mkaa chini yake, anagonganisha vikombe barabarani, na wanaume wamemzunguka wanacheza bao na kuiondoa serikali madarakani kwa maneno. Shangazi Dina alipoambiwa mchumba anauza kahawa, alimwona pale katikati yao.

Mshenga alipoondoka, Kristina alimshika binti yake mkono. "Mwanangu, kazi zipo nyingi. Mwanaume mtulivu kama Noel hapatikani gengeni."

"Mama, huyo mwanaume mtulivu alinikuta wapi? Si kwenye mashine? Ni sawa na mtu kumpenda jogoo kwa kuwika kwake, kisha amnunue amfunge mdomo."

"Basi utamkataa?"

Skola alimpenda Noel, hilo hata yule punda wa kwenye povu angelijua. Lakini kila alipojaribu kujiona asubuhi ameamka hana kinu cha kusogeza wala mashine ya kuisikiliza, alijiona kama nyumba iliyotolewa milango. "Simkatai," akasema mwishoni. "Ila kama sharti ni hilo, posa hiyo wairudishe walikoitoa."

Akampigia Noel simu. Noel akashusha pumzi ndefu upande wa pili.

"Skola, mimi nikimpinga Shangazi nitakuwa nimempinga mama na baba kwa mpigo mmoja. Hajawahi kukuona ukifanya kazi. Angekuona..."

"Basi ataniona. Siku ya posa wageni watakunywa kahawa, na nitapika mimi."

Wazee wa Unyambwa waliposikia, Baba mkubwa Paulo, ndugu wa marehemu baba yake Skola na ndiye msemaji wa nyumba, aliweka fimbo chini. "Tangu lini binti anayeposwa akahudumia wanaomposa? Binti hukaa ndani na shangazi zake mpaka aitwe aulizwe kama anawajua wageni."

"Baba mkubwa, wanataka kunikatalia kitu wasichokijua ladha yake."

Yule mzee akamtazama, akakumbuka huyu ndiye aliyekuwa akilia utotoni usipombebesha mzigo wa kuni. Wakaelewana nusu kwa nusu: atapikia jikoni, nyuma huko, atatoka mara moja tu kukabidhi, kisha arudi ndani akae kama binti wa watu.

Janeth alimwazima kinu cha kusagia kwa mkono, birika la shingo nyembamba kama ya korongo, chujio, na vikombe vyeupe vitano alivyovifunga gazeti kimoja kimoja. "Kimoja kikirudi na ufa," akasema, "hiyo mahari nakula mimi." Maji Skola aliyabeba kwa dumu kutoka dukani, yale wanayoyachuja, maana ya kisima cha nyumbani kwao yalikuwa na chumvi yake, na chumvi na kahawa ni wake wenza, hawakai kikombe kimoja.

Jumapili baada ya ibada wageni wakafika. Mzee Bonaventura mbele, wazee wawili wa ukoo nyuma yake, Noel katika koti lililokuwa wazi kabisa ni la kuazima, na Shangazi Dina katikati, kitenge kimenyooka kama kimepigwa pasi akiwa amekivaa. Shikamoo zikapita, marahaba zikarudi, habari za mvua zikaulizwa na habari za ng'ombe, hata za kuku. Wakakaa sebuleni.

Mshenga akaanza. "Ndugu zetu, kijana wetu alikuwa akipita njia, akasikia harufu ya moshi mzuri. Tumekuja kuuliza, jiko hilo ni la nani?"

"Majiko hapa ni mengi," Baba mkubwa akajibu, "na mengine yanaunguza. Mnataka lipi?"

"Tunataka hilo hilo linalounguza!"

Watu wakacheka, mambo yakaanza vizuri. Kule jikoni Skola alikuwa amesaga, maji yamefika pale anapoyataka, kahawa imeshuka kwenye chujio taratibu, nyekundu ukiinyanyua juani. Akaonja kwa kijiko. Akafumba macho. Ilikuwa njema, njema kuliko zote alizopika mwaka ule. Akamimina vikombe vitano vya wageni, wenyeji watakunywa baadaye, akavaa aproni yake ya dukani, akatoka na sinia.

Akapiga magoti mbele ya Shangazi Dina. Akakishika kikombe kwa sikio lake, mbali na uso, bila kukipulizia hata pumzi, akakiweka mbele yake kama Janeth alivyomfundisha. Akafanya hivyo kwa mzee wa kwanza, kwa wa pili, kwa mshenga, kwa Noel. "Karibuni kahawa," akasema, akarudi jikoni moyo ukimpiga kama ngoma ya mavuno.

Akasimama nyuma ya pazia, akachungulia.

Hakuna aliyegusa.

Mvuke ulipanda kutoka vikombe vitano kama kutoka nyumba tano, na hakuna mkono uliosogea. Mzee mmoja alikiangalia kikombe chake, akaangalia dari. Mshenga, ambaye maneno hayakumwishia tangu azaliwe, alianza kutafuta sentensi. Noel alikuwa akimtazama shangazi yake, na shangazi mikono yake ilikuwa mapajani. Noel angekunywa, kiu ilionekana shingoni mwake, lakini mtoto hainui kikombe kabla ya wakubwa.

"Karibuni, karibuni kahawa," akasema Baba mkubwa, aliyekuwa akimsikiliza mshenga wakati wa kukabidhi wala hakuona kilichofanyika.

"Asante sana. Tumeshukuru," akasema Shangazi Dina. Mikono haikutoka mapajani.

Mvuke ukapungua, ukawa kama uzi, ukaisha.

Mnajua inavyouma? Mtu akikutukana, unaweza kumjibu. Lakini akiuacha mkono wako ulivyouweka, akaitazama kazi yako inapoa, utamjibu nini? Wamenikataa, Skola akawaza. Wamekuja na jibu lao tangu Kinampanda, hata kuonja hawataki. Machozi yakamjia, akayarudisha. Akaanza kufungua kamba za aproni.

"Nini tena?" Kristina akanong'ona, naye uso umemshuka. "Ngoja niwapelekee togwa, wasikae na koo kavu, aibu itatuua."

Akachukua kibuyu cha togwa ya mtama, akaingia sebuleni. Akapiga goti mbele ya Shangazi Dina. Akainua kibuyu, akanywa funda moja, akameza, akafuta mdomo wa kibuyu kwa kiganja, akampa kwa mikono miwili.

Shangazi Dina akanywa. Akampa mzee wa kwanza. Kibuyu kikazunguka kwa wageni wote, Noel wa mwisho, kikarudi kwa Kristina chepesi, kitupu.

Mkono wa Skola ukagandia kwenye kamba ya aproni. Damu yote ikampanda usoni.

Angekuwa mtoto wa ugenini angesamehewa. Lakini yeye, aliyezaliwa pale pale, aliyebeba kibuyu kwa wageni tangu hajajua kufunga kilemba! Mwenyeji huonja mbele ya mgeni. Haonji jikoni, haonji kwa kijiko nyuma ya pazia. Huonja mgeni akiona, koo lake likipanda na kushuka, ndipo mgeni moyo utulie ajue nyumba hii haina jambo naye. Na siku ya posa, siku koo mbili zisizojuana zinapotazamana, ndiyo siku ya kuonja kuliko siku zote. Na mgeni haulizi. Kuuliza ni kumwambia mwenyeji, "Unataka kuniua?" Kwa hiyo anashukuru tu, na mikono anaiweka mapajani.

Kumbe hawakumkataa. Walikuwa wanamsubiri.

Sasa afanye nini? Njia rahisi ilikuwepo: aingie, achukue funda moja katika kila kikombe, awarudishie, mambo yaishe. Lakini vikombe vile vilikuwa vimepoa. Kahawa iliyopoa ni kama hadithi inayosimuliwa na mtu anayesinzia. Maneno yote yamo, utamu haumo. Na Shangazi Dina angeinywa hiyo, na hiyo ndiyo ingekuwa kazi ya Skola kichwani mwake mpaka siku ya kufa.

Akaikaza aproni upya.

"Unakwenda wapi? Hujaitwa!" Kristina akamshika nguo.

"Mama, niachie. Kosa ni langu, siyo lao."

Akaingia sebuleni, akapiga magoti.

"Shikamooni tena wazazi wangu. Naomba vikombe vyangu."

"Heh!" akasema mshenga. "Nimeshaona binti akinyang'anywa posa, sijaona binti akinyang'anya kahawa!"

"Unatuondolea tulichopewa?" akauliza Shangazi Dina. Ndiyo mara yake ya kwanza kusema na Skola moja kwa moja.

"Ndiyo, Shangazi. Niliwapa vibaya. Nilisahau nilikozaliwa. Na sasa imepoa, na mimi kahawa iliyopoa simpi hata adui yangu, sembuse nyinyi. Nawaombeni mnisubiri. Nitapika nyingine hapa hapa, mbele ya macho yenu."

Shangazi Dina akamtazama usoni, akamtazama mikononi.

"Pika," akasema.

Skola akavikusanya vikombe kwenye sinia, akaenda kuvimwaga, akarudi navyo na jiko la mkaa akaliweka kizingitini, penye upepo wa kulipuliza. Akaleta dumu, birika, chujio. Akaketi kwenye kigoda katikati ya wale wazee, kinu magotini, akaanza kusaga. Krr, krr, krr. Harufu ikatoka ikatembea sebuleni, ikamsalimia mmoja mmoja. Mzee aliyekuwa akitazama dari akashuka darini.

"Hicho kidude kinasaga mtama?" akauliza.

"Mtama utakishinda, babu. Hiki ni cha kusaga vitu vyenye majivuno."

"Lete nijaribu mimi," akasema Mzee Bonaventura, akakichukua, akazungusha kinyume, kikamteleza, akakidaka tumboni. "Kinanikataa!"

"Kimekuonja, mshenga, kimekuona chungu," akasema Baba mkubwa, na nyumba nzima ikaangua kicheko, hata Noel, aliyekuwa amekaa kama mtu aliyesimamishwa mahakamani.

Skola alimwaga maji ya kwanza kidogo tu, akayaacha. Unga ukavimba kwenye chujio, ukatoa vipovu, kama kifua cha mtoto aliyelala.

"Inapumua," Shangazi Dina akasema taratibu, kana kwamba anajisemea.

"Ndiyo, Shangazi. Hapa ukiiharakisha inanuna. Unaiacha kwanza ivute pumzi." Mkono wake ukashika birika, akamimina kwa mzunguko mwembamba, haukatiki, hautetemeki. Aliona wanautazama mkono ule. Wiki zote zile za masikio ya punda zilikuwa ndani ya mkono ule, na Skola hakuuficha. "Wakati tunaisubiri, kitendawili!"

"Tega!" wakaitika wote, ndipo wakaangaliana kama watoto waliokamatwa.

"Nyumba yangu nyeupe ina sikio moja, haisikii neno, lakini siri zote za mjini zinasemwa mbele yake."

Wakahangaika. Mzee mmoja akasema kanisa, mwingine akasema simu. Shangazi Dina akanyoosha kidole kuelekea sinia. "Kikombe."

"Shangazi kashinda, hadaiwi mji!"

Ndipo ikawa tayari. Skola akachukua kikombe kidogo, akamimina humo kwanza. Akakiinua mbele yao wote, akanywa, akameza, koo lake likapanda na kushuka, akakiweka chini kitupu. Kisha kutoka chombo kile kile cha chini ya chujio akamimina kikombe cheupe, kinachotoa moshi, akampa Shangazi Dina kwa mikono miwili. Mdomo wake haukukigusa. Akawamiminia na wengine vivyo hivyo. Na sheria ya Janeth nayo, nawaambieni, haikupata mkwaruzo.

Shangazi Dina akainua. Akanywa funda moja, akakaa nalo. Akanywa la pili.

"Chungu," akasema.

Noel akafumba macho.

"Chungu, lakini haikwaruzi. Inapita kama mtu mwenye adabu, halafu utamu unabaki nyuma unafunga mlango." Akanywa tena. Wazee wakavamia vikombe vyao.

Sasa wengine wangenyamaza hapo, mambo yameshaanza kunyooka. Lakini Skola alijua kahawa kusifiwa siyo sharti kufutwa. Akabaki magotini.

"Shangazi, naomba kusema. Mimi Noel nampenda. Na nyumbani kwenu nitakuja kwa heshima zote. Lakini kazi hii siachi."

"Scholastika!" Kristina akasema mlangoni, mkono mdomoni.

Shangazi Dina hakukasirika. Akakizungusha kikombe polepole.

"Wewe unafikiri naidharau kahawa," akasema. "Sikiliza, binti. Huyu unayemwona amevaa koti la watu nilimlea kwa pombe ya mtama. Kabla sijaokoka nilipika pombe. Nilisimama na kibuyu mbele ya wanaume, nikaonja mbele yao, nikawapa. Najua mwanamke anayesimama hivyo anaitwaje akigeuza mgongo. Niliitwa. Na huyu akiwa mgongoni mwangu aliyasikia. Sikutaka mke wake naye aitwe."

Noel akainamisha kichwa.

Skola akafikiri, akauliza kwa sauti ndogo, "Shangazi, pombe yako ilikuwa mbaya?"

"Mbaya?" Yule mama akanyooka kwenye kiti kama amepigwa fimbo. "Mbaya! Watu walitembea kutoka Kiomboi! Walipita kwa wapikaji wengine wote njiani, wanawasalimia tu, wanakuja kwangu! Mtama nilikuwa nauchagua mwenyewe punje kwa punje. Nilisikiliza chungu kwa sikio hili, kikisema bado nasema bado, na mtu hata awe mwenyekiti hapati mpaka kiive! Bonaventura, sema! Nadanganya?"

"Hudanganyi," akasema mshenga, na macho yake yakaenda mbali. "Bwana anisamehe, mimi nilikuwa natoka mbali zaidi ya Kiomboi."

Kicheko kikalipuka. Shangazi Dina naye akacheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la kitenge. Kicheko kilipokwisha alibaki amenyooka vile vile, wala hakurudi kuinama. Akamtazama Skola, safari hii kama fundi anavyomtazama fundi.

"Hiyo mashine yako nayo unaisikiliza?"

"Kila asubuhi, Shangazi. Ikisema bado, nasema bado."

"Na wakikuita majina?"

"Wananiita barista."

"Barisita," akajaribu Shangazi Dina, akalionja neno hilo kama alivyoionja kahawa. Kisha akamgeukia mshenga. "Bonaventura, lile jambo dogo nililokutuma, limeze. Mwambie Paulo sikulisema."

"Paulo," mshenga akasema, amekaa umbali wa mkono mmoja kutoka kwa Baba mkubwa, "naambiwa nikuambie hatukulisema."

"Nami sikulisikia," akajibu Baba mkubwa, na akapeana naye mkono.

Mazungumzo ya ng'ombe yakaendelea mpaka jua likageukia upande wa pili wa nyumba, maana ng'ombe hawaishi kwa kikombe kimoja. Skola alipika mara mbili zaidi, na Kristina akatembea mle ndani akiokota hiki na kukiweka pale, bila sababu, amejishika kiuno. Wageni walipoanza kujikusanya kuondoka, Skola akaanza kukusanya vikombe.

"Viache," Shangazi Dina akasema. "Noel! Simama uvioshe."

"Mkwe aoshe vyombo nyumbani kwangu?" Kristina akapiga kelele. "Haijatokea Unyambwa hii! Watu watasema nini?"

"Watasema amelelewa na Dina. Vua koti, Noel, lisilowe, ni la watu. Na ukivunja kimoja utarudi Kinampanda kwa miguu. Mwenzako anaamka mapema, kesho ni kazini."